Chumvi ya Majivu ya Kihesa

Mwanangu Tusajigwe,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na najua kwaya yetu ya Ubaruku ikianza kuaga haimalizi mapema. Nimeshukuru. Nina jioni hii peke yangu, begi lako limesimama mlangoni, na kesho asubuhi basi la kukupeleka chuoni Iringa halitanisubiri nimalize maneno yangu. Nikikuambia kwa mdomo utanikatiza. Unajua sana kunikatiza: unacheka, unasema "Mama naye!", na mimi nakosa pa kuendelea. Karatasi haina aibu, itakuambia mpaka mwisho.

Sitakuandikia habari za kuloweka nguo, wala za wavulana, wala za kusali kabla ya kulala. Hayo nimeyasema tangu uko shule ya msingi, na kama hayakuingia wakati ule hayataingia leo. Nakuandikia habari za chakula atakachokupikia bibi yako.

Mchana nilisikia mlivyoongea kwenye simu. Ulikuwa umeweka sauti kubwa, na mimi nilikuwa napepeta mchele pale uani. Bibi akasema, "Kamwene mjukuu wangu! Njoo, njoo. Nimekuchujia chumvi yangu ya majivu, kopo zima limejaa. Najua hiyo ya dukani wamekukataza. Hapa kwangu Kihesa huji kula chakula cha hospitali." Nawe ukamjibu, "Asante Bibi, nimeikumbuka kweli." Ulipokata simu nilikutazama, ukaniambia, "Mama, nitaonja kidogo tu. Asije akanuna. Si ni Bibi?"

Niliinamia ungo nikaendelea kupepeta. Ningefungua mdomo ningepiga yowe, na majirani wangekuja mbio wakidhani kuna msiba. Bado hakuna msiba, ndiyo maana nimekaa chini niandike.

Niseme kwanza kwamba bibi yako si mtu mbaya. Mtu mbaya ningekuonya kwa maneno mawili, ukamkwepa, tukamaliza. Bibi yako anakupenda, na hapo ndipo hofu yangu ilipo.

Mimi niliolewa nikaletwa Kihesa pale Iringa nikiwa binti mdogo, nimetoka Tukuyu ambako ni ndizi asubuhi na ndizi jioni. Sikujua neno la Kihehe zaidi ya salamu. Wifi zangu walinicheka nilivyosonga ugali, wakasema ni uji uliokosa adabu. Bibi yako hakunicheka. Alinivuta jikoni kwake akanifundisha kazi ambayo binti zake mwenyewe walikuwa wanaikimbia. Tulikusanya mabua ya maharage yaliyokauka baada ya kupurwa, tukaongeza maganda ya ndizi, tukayachoma mpaka yakawa majivu meupe. Tukayaweka kwenye chungu chenye matundu chini, kimetandikwa nyasi kavu, tukamwagia maji taratibu. Yale maji yanadondoka rangi ya chai ya rangi. Unayachemsha mpaka yakauke, na chini ya sufuria unabaki ukoko wa kijivu. Hiyo ndiyo chumvi ya majivu. Ukiramba unahisi chumvi, halafu kuna kaukali kanang'ata ncha ya ulimi.

Ukiweka kwenye maharage yanalainika kabla hujamaliza kuni. Ukiweka kwenye majani ya maboga yenye karanga, mwanaume anasahau kuongea. Na katika ukoo wa baba yako, mama mkwe akishakupa kopo lako la chumvi ya majivu, ndiyo umepokelewa. Mpaka siku hiyo wewe ni mgeni tu mwenye ndoa. Mimi nilipewa langu siku tunahamia huku Ubaruku, baba yako alipopata kazi ya kuendesha mashine ya kukoboa mpunga. Bibi yako alinishikisha kopo kwa mikono yote miwili akasema, "Sasa mwanangu atakula kwako kama alivyokula kwangu." Nililia ndani ya gari mpaka Makambako. Nilijua nimepata mama wa pili.

Kwa hiyo naelewa kwa nini ulimwambia asante. Hata mimi ningesema asante.

Baba yako unamkumbuka akiwa mzima, sauti yake ikishindana na ile mashine. Nilikuwa nawapikia wapakiaji wa mpunga pale pale kibandani, na yeye alikuwa mteja wangu mkorofi kuliko wote. Walipomkuta na presha, na baadaye wakasema mafigo yake yamechoka, tulikwenda kliniki Mbeya mjini. Daktari alikuwa dada mmoja mpole, mwembamba, anaongea kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Alituuliza maswali mengi. Halafu akanigeukia mimi.

"Mama, nyumbani mboga mnapikia nini? Chumvi ya dukani tu? Magadi? Kuna kitu chochote cha kienyeji mnachoweka?"

Kwenye benchi la jirani alikaa mama mmoja wa mjini, wigi lake linang'aa, anasikiliza kama redio. Nikajiona nilivyo: khanga ya shamba, miguu ina tope la majaruba ya mpunga. Nikaona nikisema majivu watasema huyu mama anamlisha mumewe taka za jikoni.

"Hapana daktari," nikasema. "Tunapika kawaida tu."

Sikuandikii haya ili kutubu. Unayajua, nilikusimulia mwenyewe ulipoanza kwenda kliniki, na ulinishika bega ukasema yamepita. Nayarudia kwa sababu nilichojifunza pale ni hiki: aibu yangu ilikuwa ya dakika moja, na yule mama mwenye wigi sikumwona tena maishani mwangu. Nimekaa na lile neno "hapana" muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa na mgeni yeyote.

Daktari alisema tupunguze chumvi sana. Akampa baba yako kidonge cha kushusha presha, akasisitiza tarehe za kurudi kupimwa damu. Nilirudi nyumbani nimeamua kuwa askari. Chumvi ya dukani niliitoa jikoni yote, sikubakiza hata chembe. Baba yako akaanza kusukuma sahani. "Mama Tusa, hii ni mboga au umenyang'anya mbuzi majani yake?" Alikuwa anatania, lakini alikuwa anakonda. Mwanaume mwenye mwili kama ule anaacha nusu sahani, na wewe ndiye mpishi, na wapakiaji wa mpunga wanakusifia kila mchana! Iliniuma.

Ndipo nikalikumbuka kopo. Nilikuwa nimeliacha kidogo kwa sababu ya uvivu wa kuchoma mabua. Nikajiambia, hii si chumvi ya dukani, hii haina ile sodiamu waliyotutisha nayo, hii imetoka kwenye maharage yetu wenyewe. Nikapika majani ya maboga. Baba yako alionja, akafumba macho, akasema, "Sasa ndiyo nimerudi nyumbani." Alifuta sahani kwa tonge la mwisho.

Mwanangu, nilijivuna. Niliwaambia wanawake wenzangu pale mashineni kwamba mume wangu hagusi chumvi na bado anakula anajilamba. Wawili walikuja kujifunza kuchuja. Na tuliporudi kliniki presha yake ilikuwa imeshuka kweli. Daktari alimpongeza, akampongeza na mke. Nilirudi nyumbani nikaongeza kijiko.

Hivi ndivyo janga lilivyotuingia. Halikupiga hodi. Ulikuwa msimu wa mavuno, malori yamejipanga barabarani, mashine haizimwi. Tarehe ya kupima damu ilifika, baba yako akasema, "Mpunga ukiisha nitakwenda." Nikakubali, maana nilimwona ana afya. Alikuwa anatoka jasho kutwa nzima na maji hanywi, anasema maji yanamkatiza kazi. Siku moja akaniambia midomo inamchezacheza, kama mtu aliyekula pilipili. Nikacheka. Kesho yake akasema miguu imekuwa mizito, kupanda zile ngazi mbili za mashineni anajishikilia ukutani. Nikasema ni uchovu. Nikampa ndizi mbivu za kwetu, nikamkatia parachichi, nikamkamulia machungwa, nikamwongezea mboga. Kila alivyozidi kulegea ndivyo nilivyozidi kumlisha. Naona mkono wangu mpaka sasa, unakwenda na kurudi na kijiko.

Hakulalamika maumivu. Hilo ulishike. Jino likioza linakupigisha kelele, hata mwiba mdogo mguuni unakuomba uutoe. Hili lilikuwa linajaa ndani ya mtu anayetabasamu.

Alianguka mchana, wapakiaji wakamshika kabla hajagonga sakafu. Tulimpeleka hospitali kwa gari la mpunga. Alikuwa ananijibu, anajua jina langu, ananiambia nisiache sufuria jikoni. Walimwekea zile nyaya za kupima moyo, karatasi ikaanza kutoka na mistari. Mimi sijui kusoma mistari ile, lakini nilimsoma muuguzi usoni. Baadaye niliambiwa ilitakiwa iwe na vilele vyembamba, lakini ikawa inapanuka, inalala, inakuwa kama mawimbi ya mtu aliyechoka. Wakaita, wakakimbia, wakamchoma sindano ya kuulinda moyo, wakamtundikia drip. Nikasikia mtu anasema, "Potasiamu iko juu sana." Baba yako alinitazama kama mtu anayetaka kuuliza kitu. Halafu moyo ukasimama, na wakahangaika naye muda mrefu baada ya mimi kuwa nimeshajua.

Yule dada daktari wa kliniki alinikuta nimekaa nje, nimeegemea ukuta wa kliniki, siku nilipofuata vyeti vya baba yako. Akakaa chini na mimi, pale pale kwenye sakafu, na koti lake jeupe. Akaniuliza tena, taratibu, mboga nilikuwa napikia nini. Safari hii nilimwambia.

Hakunifokea. Alinieleza kwa vidole, na ninakuandikia alivyonieleza kwa sababu wewe mafigo yako ni ya baba yako, na ukijua kinachotokea humo huenda ukaogopa inavyostahili.

Alisema figo halifanyi kazi ya kuchuja tu kama kitambaa cha tui la nazi. Damu ikipita, linachuja vitu vingi mno, halafu karibu sodiamu yote linairudisha mwilini, maana mwili unaihitaji. Mwishoni kabisa mwa ile mirija midogo, kabla mkojo haujaondoka, kuna seli zenye kauli ya mwisho. Hizo zinavuta sodiamu iliyobaki na kuirudisha kwenye damu, na katika kazi hiyo hiyo zinaisukuma potasiamu itoke na mkojo. Alikunja kidole kimoja ndani, akanyoosha kingine nje. "Hii ikiingia, ile inapata njia ya kutoka," akasema. Amri inatoka kwenye tezi ndogo iliyokaa juu ya figo. Inaleta homoni, na homoni ikifika milango ya sodiamu inafunguka mingi zaidi, na potasiamu inatoka zaidi. Mtu mzima wa afya akila potasiamu nyingi leo, mafigo yake yanaitoa yenyewe na hata habari hana.

"Na kile kidonge chake?" nikamuuliza.

"Kinaizuia ile amri, mama. Sodiamu inapotea kwenye mkojo, maji yanaifuata, presha inashuka. Hicho ndicho tulichotaka. Lakini potasiamu nayo inabaki ndani. Ndiyo maana tunapima damu, na ndiyo maana tunauliza mtu anakula nini."

Alisema hivyo akiangalia vidole vyake. Ningependa angeniangalia mimi.

Nikamuuliza majivu yana nini. Akasema mmea ukiungua, kile kinachoyeyuka kwenye maji na kudondoka chini ya chungu, sehemu kubwa ni potasiamu. Sodiamu yake ni kidogo sana. Kwa hiyo ni kweli nilitii, mwanangu. Ile waliyonikataza niliiondoa yote. Nikamjaza nyingine kijiko kwa kijiko, na njia yake ya kutokea ilikuwa imezibwa na ugonjwa na kidonge. Tena lile jua la mavuno likamaliza kazi: jasho lilimkausha, figo likabana maji na chumvi kidogo iliyobaki, ikawa hata sodiamu inayofika kule mwishoni mwa mirija ni ya kuokoteza. Zile seli hazikuwa na cha kuvuta, basi hazikuwa na namna ya kusukuma. Mkojo wake ulikuwa umepungua na mimi niliona, nikafikiri ni joto.

Wewe umekulia kwenye majaruba. Unajua mtu akisahau kufungua njia ya kutolea maji jaruba halipigi kelele. Maji yanapanda tu, yametulia, hata yanapendeza kuyaangalia, mpaka mpunga umezama.

Nilipeleka maneno hayo Kihesa. Hili ndilo sikukuambia vizuri, ulikuwa mdogo na ulikuwa unalia. Baada ya maziko, watu walipopungua, nilipiga magoti mbele ya bibi yako nikamweleza yote kama nilivyoelezwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Chumvi hiyo nimelelewa nayo. Nimemlea nayo yeye, tangu hana meno. Ingekuwa inaua ingemuua kwangu."

Jibu la maneno hayo ninalo sasa. Ilikuwa haimuui kwa sababu mafigo ya baba yako wakati ule yalikuwa mazima, yanatoa kila alicholishwa. Bibi mwenyewe anaila mpaka leo, anapanda ule mlima wa Kihesa na ndoo kichwani, kwa sababu yake yanatoa. Chumvi haikubadilika, mtu ndiye aliyebadilika, na sisi wapishi hatukuona.

Lakini siku ile nilitazama mikono ya Bibi imeshikana mapajani, nikaelewa kilichokuwa kinaendelea. Akiniamini mimi, itabidi aamini kwamba alichonifundisha kwa upendo ndicho kilichompeleka mwanawe kaburini. Hakuna mama anayeweza kumeza hilo siku ya maziko. Nikanyamaza. Nimenyamaza miaka yote hii nikijiita mwenye huruma, na yeye amenichukulia kwamba nilikosea, nikajirudi. Tumeongea habari za mvua, harusi, bei za mchele. Kopo hatujaligusa.

Huruma ile imekuletea kopo wewe.

Ulipovimba uso mwaka ule unamaliza sekondari, nilijua kabla ya majibu. Wewe ulidhani ni mbu. Waliposema mafigo yako yanafanya kazi pungufu, uliuliza kama utaweza kusoma, ukafurahi uliposikia ndiyo. Mimi nilikuwa namwangalia daktari akiandika kidonge. Chako si kile cha baba yako, lakini nilimuuliza, na akaniambia kwenye potasiamu vyote viwili vinafanana tabia: chako kinayalinda mafigo, na kinaifanya ibaki. Usije ukakiacha kwa sababu ya barua hii! Ukikiacha mafigo yataharibika upesi zaidi, na hapo hata kidogo unachokula salama leo hakitakuwa salama. Karatasi ya vyakula unayo, siirudii. Damu ukapime tarehe ikifika, hata kama una mtihani, hata kama unajisikia kukimbia mlima. Hasa kama unajisikia hivyo.

Ulipotoka leo kwenda kwaya nilimpigia Bibi. Nilijikaza. Nikamwambia, "Mama, shikamoo. Nakuomba, ile chumvi usimpe mtoto. Mafigo yake ni kama ya baba yake."

Akasema, "Mama Tusajigwe, mwanangu nilikupa akiwa mzima. Huyu mtoto ni damu yake. Niache nimlishe." Akakata.

Nimekaa na simu mkononi. Nilifikiria kukuzuia usiende. Nilifikiria kukutafutia chumba mbali, na chuo hakina nafasi bwenini mpaka mwakani, na wewe Kihesa unaitamani, na bibi yako yuko peke yake kwenye nyumba ile, amepaka chokaa chumba chako. Nilifikiria kupanda basi nikae jikoni kwake kama polisi. Lakini nikikulinda kwenye sufuria hiyo, kuna nyingine. Utakuwa na rafiki atakayekupa dawa ya mizizi kwa nia njema. Utakuwa na mume, na mume atakuwa na mama. Watu watakaokuweka hatarini, mwanangu, wengi wao watakuwa wamesimama wanakupakulia, wanatabasamu. Sikukulea uwe mkali kwa watu wa namna hiyo. Nilikulea useme asante, na nilikulea vizuri mno, najilaumu.

Na usijidanganye kwa neno "kidogo". Mimi ni mpishi, najua kidogo ni nini. Kidogo cha Bibi ni kijiko kwenye mboga, na kijiko kwenye maharage, na kwenye supu ya jioni kwa sababu umekohoa, kila siku, na wewe hutaona tofauti yoyote. Utaona chakula kitamu. Utanenepa mashavu, atanipigia simu anisute. Mimi nitakaa huku Ubaruku nasikiliza sauti yako kila jioni, natafuta kama miguu imekuwa mizito, na wewe utaniambia, "Mama, mbona niko poa." Baba yako naye alikuwa poa.

Basi nakuomba jambo moja, na ni gumu kuliko kufumba mdomo mbele ya sahani. Ukifika kesho, msalimie, piga magoti, pokea maji ya kunawa. Kabla hajapakua mwombe akae kitini. Msomee barua hii. Isome kwa sauti, yote, na usiruke pale niliposema "hapana" kwa daktari. Mimi amenikatia simu. Wewe hatakukatiza, maana una macho ya mwanawe.

Atakuuliza. Najua atakuuliza, kwa sababu ndilo swali alilokaa nalo miaka yote akiwa amelifungia: "Kwa hiyo ni mimi niliyemuua mwanangu?" Mwambie hapana. Mwambie alinipa zawadi, na mgonjwa alikuwa kwangu. Aliyeongeza kijiko ni mimi, aliyeulizwa na daktari ni mimi, aliyejibu ni mimi. Kama lazima pawe na mwenye kosa pale mezani ndipo yeye aweze kukuamini, niweke mimi. Anichukie akitaka, anilaani kwa Kihehe mpaka achoke. Mkwe aliyelaaniwa anaishi.

Akilia, mshike, usimwachie alie peke yake.

Na kama hatalia, Tusajigwe, kama atakaa kimya mpaka umalize kusoma, halafu ainuke, apakue, akusogezee sahani aseme, "Basi kula kidogo tu, kwa ajili yangu," mpende hapo hapo ulipokaa, mwambie unampenda, na ulale na njaa.

Mama yako